Marhala Mbili, Sehemu ya Kumi na Moja: Ndege ya Baba Mdogo

Jumamosi iliyopita tuliachana pabaya. Mkono wa Yassini ulikuwa ndani ya mkono wa Sheikh Mfaume, gumba kwa gumba, tamko la kuozesha limefika nusu, na simu ikalia mfukoni mwa kanzu ya sheikh.

Sheikh Mfaume hasikii vizuri sikio la kulia. Kwa hiyo aliiweka simu kwenye spika, na baraza zima likasikia.

"Asalamu alaykum, sheikh. Hapa ni Ibrahimu, walii wa Salima. Usiozeshe. Mimi niko karibu. Niko kwenye kiwanja changu cha ndege, Nyangamara. Kwa ndege, kutoka hapa mpaka uwanja wenu wa Kikwetu ni kilomita sabini na nne. Dakika kumi na tano. Ukifungisha hiyo ndoa umefungisha hewa."

Sheikh aliuachia mkono wa Yassini.

Salima aliona yote hayo kutoka chumbani, kupitia upenyo wa pazia. Hina haijakauka vizuri, somo wake amemshika bega asiinuke, na mwanamume aliyemngoja miezi saba amebaki na mkono mtupu mbele ya watu themanini. Alimchukia baba yake mdogo kuliko siku zote, na siku hizo hazikuwa chache.

Kwa uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka.

Baba yake Salima, marehemu Abdu, hakuacha mtoto wa kiume wala baba. Aliacha mdogo wake, huyo Ibrahimu. Basi Ibrahimu ndiye walii, bila yeye Salima haolewi. Angekataa waziwazi, mambo yangekuwa mepesi, angeshtakiwa kwa kadhi na kuulizwa sababu. Lakini Ibrahimu hakatai. Ibrahimu anakuja. Alikuwa anakuja mwezi wa Rajabu, akawa anakuja Ramadhani, akawa anakuja baada ya mavuno ya ufuta.

Sababu yake wote waliijua. Alikwisha kumwahidi Salima kwa mnunuzi mmoja wa korosho wa Mtama, mtu wa miaka sitini na wake wawili. Na mnunuzi huyo alimlipa Ibrahimu kitu kimoja tu, kumkalisha kiti cha mbele cha gari lake. Kuna watu wanauza binti wa ndugu yao kwa ng'ombe. Huyu alimuuza kwa mkanda wa kiti.

Ikabaki njia moja. Walii akiwa mbali marhala mbili, yaani kilomita themanini na mbili hivi, kadhi anaozesha badala yake. Akiwa ndani ya hapo, anangojwa. Sheikh Mfaume alikuja Kikwetu na barua ya kadhi kwa ajili hiyo. Na haraka ilikuwepo, kwa sababu Yassini ni dereva wa greda, na Jumanne kambi yao inahamia Tunduru, na Salima hakukusudia kubaki.

Ibrahimu hakujua mambo mengi duniani, lakini marhala mbili alizijua.

"Sheikh," alisema Yassini, "kwa barabara si sabini na nne. Nyangamara mpaka Mtama ni ishirini na nne, naichonga mwenyewe ile njia. Mtama mpaka Mnazi Mmoja thelathini na nane. Kutoka pale mpaka Lindi ishirini na nne, na Lindi mpaka hapa Kikwetu ishirini. Mia moja na sita."

"Nani huyo anayeongea?" iliuliza simu. "Yule wa greda? Mwambieni barabara ni za watu wa greda. Mimi sipiti kwenye vumbi. Mimi nasafiri kwa ndege."

Wazee wa barazani, ambao ndege wameijua kwa kuitazama kutoka chini, waliguna kwa heshima. Salima alitamani kuwatupia ndoo ya maji.

"Masafa ya mtu ni ya njia anayoipita," alisema Sheikh Mfaume taratibu. "Anayetembea kwa mguu, nampimia mguu. Mwenye ndege siwezi kumpimia barabara."

"Umesikia, wa greda?"

"Subiri, Bwana Ibrahimu, sijamaliza. Nikiozesha na kumbe walii yuko ndani ya marhala mbili, ndoa haipo. Si kwamba ina kasoro, haipo kabisa, na hawa vijana watakuwa wanaishi katika haramu nimewaandikia mimi. Sitaki kwenda kulijibu hilo. Kwa hiyo kama una ndege, njoo. Umesema robo saa. Nakupa saa nzima."

"Nakuja," alisema Ibrahimu.

Biasha, mama yake Salima, alikaa chini kando ya kitanda. Neno hilo alilisikia kwa miezi saba.

Robo saa ya kwanza ikapita. Sheikh akapiga simu.

"Rubani anapata chai," alisema Ibrahimu.

Nusu saa. Pilau jikoni ilianza kushika chini ya sufuria, wapishi wakalalamika.

"Upepo umegeuka, sheikh. Huu upepo wa huku si mchezo. Rubani anasema tungoje."

Salima alisimama. Dirisha la pili la chumba kile linatazama uwanja wa ndege, ng'ambo ya mikorosho, na soksi ya kupimia upepo ilining'inia pale kwenye mlingoti bila kutikisika. Salima anaijua soksi ile. Kazi yake ni pale. Ni yeye anayeandika kwenye daftari la uwanja kila ndege inayotua na kila inayoruka, imetoka wapi na inakwenda wapi, mwaka wa tatu sasa.

Tena ile sabini na nne ilikuwa yake. Mwezi wa Ramadhani Ibrahimu alimpigia na sauti ya asali. Mwanangu, wewe ni mtu wa uwanja, hebu nipimie, kutoka kwangu mpaka kwenu kwa ndege ni ngapi? Na Salima, bila kufikiri, akachukua ramani ya ofisini na rula, akampimia. Alidhani mjinga yule anataka namba ya kujitapia kijiweni.

"Kaa chini," alisema somo wake. "Biharusi hasemi."

"Sijasema."

"Unataka kusema. Nakuona shingo."

Dakika arobaini na tano.

"Ndege imekuwa nzito," alisema Ibrahimu. "Nimepakia magunia ya korosho kwa ajili ya wageni. Tunayapunguza. Msiwe na wasiwasi, hata mkitaka kula, kuleni."

Hapo Salima alifungua pazia.

Somo wake alifunika uso kwa kanga. Barazani wanaume waligeuka wote, kisha wakakumbuka adabu wakatazama mkeka.

"Baba mdogo, shikamoo," alisema Salima dirishani.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Salima."

"Salima. Mwanangu, siku kama ya leo mwanamke haongei."

"Nitaongea kidogo tu. Mimi ndiye nitakayeandika ndege yako ikitua, kwa hiyo nipe maelezo yake. Ina namba gani?"

"Namba ya nini?"

"Kila ndege ina namba ubavuni."

Ibrahimu alifikiri. "Ni nyeupe," alisema. "Ina mstari wa buluu."

Kuna kijana mmoja alicheka, akajikohoza.

"Rubani wako anaitwa nani?"

"Kapteni."

"Kapteni nani?"

"Kapteni tu. Huku tunamheshimu."

Sasa walicheka wawili watatu, na wale wazee walioguna kwa heshima wakaanza kujikuna ndevu. Salima alisikia utamu wa jambo lile ukimpanda mpaka kichwani. Miezi saba alikuwa amemeza maneno. Leo aliyatema moja moja.

"Baba mdogo, kile kiwanja chako Yassini alikipita Jumatatu na greda lake. Wanawake wa Nyangamara wameanika makopa ya mihogo kutoka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho. Upande mmoja wamepanda mbaazi, na mbaazi zenyewe zimefika kiunoni. Ndege yako inakaa kwenye makopa au kwenye mbaazi?"

"Mjinga huyo hajui anachokiona."

"Na mimi? Miaka mitatu naandika daftari. Hakuna ndege hata moja iliyotoka hapa kwenda Nyangamara, wala iliyotoka Nyangamara kuja hapa. Siku ya pili ya Idi ulipotoka kwetu ulipanda basi la Masasi. Mama ndiye aliyekusindikiza stendi ya Lindi, na begi akakubebea yeye. Ukateremka Mtama ukapanda bodaboda. Mtu wa ndege ndiye anayebebewa begi na shemeji yake mjane?"

Baraza lote lilikuwa linacheka sasa, kicheko cha watu walioona aibu ya kudanganywa. Yassini peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Sheikh Mfaume.

Sheikh aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Bwana Ibrahimu, nakuuliza mbele ya watu hawa. Una ndege?"

"Ni ya rafiki," alisema Ibrahimu.

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

"Na wewe mwenyewe uko wapi sasa hivi?"

Kikapita kimya kirefu. Simu ilipumua. Salima, pale dirishani, alikihesabu kile kimya kuwa ni cha mtu aliyeshindwa, na alitabasamu.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Uko wapi?"

"Si nimeshasema?" alijibu Ibrahimu, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Niko Nyangamara. Kwangu. Niko wapi tena?"

Akakata simu.

Sheikh Mfaume alikaa kidogo akitazama mkeka, halafu akanyoosha mkono.

"Basi hana ndege. Njia yake ni barabara, na barabara ni mia moja na sita. Yassini, lete mkono."

Ikawa. Nimekuozesha Salima binti Abdu kwa mahari mliyokubaliana, msahafu na cherehani. Nimekubali kuoa kwa mahari hayo. Sauti ya Yassini ilikatika katikati, akarudia. Halafu vigelegele, dufu, na wapishi wakapata ruhusa ya kupakua.

Chumbani Biasha alilia, somo akamlaumu Salima na kumkumbatia kwa pamoja. Salima hakulia. Alikuwa ameolewa na Yassini, na juu ya hapo alimvua nguo Ibrahimu mbele ya watu themanini, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimfurahisha zaidi. Alifikiria safari nzima ya Tunduru atakavyomkumbusha Yassini ile ya "Kapteni tu".

Ndipo Dativa alipoingia.

Dativa anafanya kazi na Salima uwanjani. Yeye anakaa Lindi mjini, ni Mkatoliki, siku ya Jumapili lazima apite kanisani kwanza, kwa hiyo alichelewa. Hakusikia simu, hakusikia marhala. Alikuja na hotpoti la maandazi na gauni jipya, akamkumbatia rafiki yake mpaka hina ikamwingia begani.

"Hongera, mama. Kumbe mzee wenu amekubali mwishowe?"

"Mzee gani?"

"Baba yako mdogo. Yule wa miwani myeusi."

Salima alicheka. "Huyo muache na makopa yake huko Nyangamara."

"Nyangamara?" Dativa aliweka hotpoti chini. "Huyo si jirani yangu? Amepanga chumba kwa Mama Rosalia, nyuma ya soko, mwezi wa pili sasa. Wanasema shamba la Nyangamara lilikuwa la kuazima, wenyewe wamelichukua. Nilidhani unajua. Leo asubuhi nikienda misa nimemkuta amekaa kibarazani kwa singlendi, anakula vitumbua na simu mkononi. Nikajua anajiandaa kuja."

Dufu lilikuwa linapigwa nje. Salima alimtazama Dativa mdomo, kama mtu anayengoja arudie ili aseme tofauti.

"Leo asubuhi," alisema.

"Leo asubuhi. Kwani vipi?"

Lindi mjini. Kilomita ishirini.

Kile kimya cha kwenye simu sasa alikielewa. Sheikh alipomuuliza uko wapi, jibu moja tu la kweli lingeivunja ndoa palepale, niko Lindi, nyuma ya soko, nitumieni pikipiki. Lakini jibu hilo lingemvua shamba, kiwanja na ndege kwa mkupuo mmoja, mbele ya wazee aliojitapa kwao miaka mingi. Mpumbavu yule alipima mambo mawili, na akachagua kubaki na ndege.

Na Salima ndiye aliyemsukuma. Yeye na ulimi wake. Kama angenyamaza kama biharusi anavyonyamaza, saa ya sheikh ingekwisha akiwa bado na shaka, asingeozesha, watu wangetawanyika, na hakuna ambaye angeandikiwa haramu. Alijiona mwerevu kwa kumvua mtu ndege, hakuuliza chini ya ndege kuna nini.

"Dativa," alisema, "hilo umemwambia nani?"

"Nani niseme naye? Ndiyo kwanza nafika."

"Usimwambie mtu."

"Salima, unanitisha."

"Usimwambie mtu, nakuomba."

Mawazo yalimjia kwa kasi, na ya kwanza hayakuwa mazuri. Ibrahimu hatasema. Mtu yule atazikwa na ndege yake. Akitokea mahali popote kusema alikuwa Lindi, atakuwa amejianika mwenyewe, na aibu anaiogopa kuliko moto. Basi siri itakaa. Jumanne wataondoka. Nani Tunduru atauliza habari za marhala?

Lakini yeye atajua. Kila jioni Yassini akirudi na vumbi lake, akimwita mke wangu, yeye atajua kwamba Yassini anamwita kwa jina ambalo si lake.

Mlango uligongwa. Sheikh Mfaume aliingia na Yassini nyuma yake, na kitabu cha vyeti vya ndoa mkononi. Wanawake walijifunika. Yassini alimtazama Salima kwa mara ya kwanza siku ile bila dirisha kati yao, na uso wake ulikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

"Weka sahihi hapa, binti," alisema sheikh. "Halafu tule, wapishi wananichukia."

Salima alipokea kalamu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Dativa, kwenye kona, alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono.

Nje dufu lilinyamaza.

Pikipiki ilisimama mlangoni. Sauti za watu zilipanda, zikashuka, na sauti moja ikabaki juu, ile ya kwenye simu, ila sasa haikuhitaji spika.

"Asalamu alaykum. Mbona mmeshangaa? Nilisema nakuja au sikusema?"

Ibrahimu alikuja mpaka dirishani. Miwani myeusi, kofia mpya, suruali imenyooshwa mistari miwili. Salima alikuwa amekosea. Aliamini kwamba majivuno ya mtu huyu yatamzuia kuja. Hakufikiri kwamba anaweza kuja nayo.

"Ndege imenishusha pale uwanjani sasa hivi, nikachukua pikipiki," alisema Ibrahimu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mlicheka, si ndiyo? Mlipiga madufu yenu hata hamkuisikia. Sheikh, mimi niko hapa. Nilikuwa ndani ya sabini na nne, na walii nilikuwepo. Umeozesha nini?"

Sheikh Mfaume alitazama saa yake ya mkononi. Tangu simu ikatwe zilikuwa zimepita dakika arobaini. Kwa barabara ya Nyangamara, mtu wa dakika arobaini bado hajafika hata Mnazi Mmoja.

Salima alizungusha jambo lile kichwani, akalirudia, na kila upande alikuta ukuta. Ndege ikiwa imetua, Ibrahimu alikuwa karibu na ndoa haipo. Ndege ikiwa haikutua, basi ametoka mahali karibu zaidi, na ndoa haipo. Uongo wake na ukweli wake vilikuwa vimefika mahali pamoja, na yeye mwenyewe, mpumbavu yule, hakujua hata nusu ya jinsi alivyoshinda.

Yassini hakuelewa bado. Alikuwa anacheka. "Sheikh, huyu mzee anaota mchana. Muulize Salima kama kuna ndege."

Sheikh hakucheka. Alifunga kitabu, kidole kikiwa kwenye ukurasa wenye herufi moja, akamgeukia biharusi kwa lile sikio lake zima.

"Binti, daftari la uwanja ni lako, na mimi nitalipokea neno lako kama la shahidi," alisema. "Niambie mbele ya mumeo. Huyu mtu ametoka wapi?"